Ratli Sita Katika Kila Gunia

Simu ya maandishi kutoka Bara Hindi iliwekwa juu ya meza yangu saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, na ilipofika saa mbili na nusu watu kumi na tatu walikuwa wameshasimamishwa kazi. Dakika ishirini tu. Katika miaka yangu yote ya ulinzi wa bandari sikupata kuona jambo jingine lililokwenda upesi namna ile baina ya mabara mawili. Ndiyo maana nimeona nianzie hapo, ingawa si hapo kazi yangu ilipoanzia.

Nimestaafu mwezi uliopita, na nyinyi mliobaki afisini mmenitaka niandike niliyoyaona. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyote vimo katika faili langu, na faili halisahau. Nitaandika juu ya vyombo tulivyofanyia kazi, watu walionifundisha, na kesi hii moja, kwa sababu mtakuja kuambiwa kwamba bandari zikishirikiana mwizi hana pa kukimbilia. Ni kweli kwa sehemu. Sehemu iliyobaki ndiyo ninayotaka muijue.

Niliingia kazini wakati wa vita, nikiwa mlinzi wa ghala la karafuu Malindi, hapa Unguja. Siku ya kwanza nilipewa rungu, filimbi na bambo. Rungu sikulitumia hata mara moja. Filimbi niliipiga mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa kwa makosa. Bambo ndilo lililonifundisha kazi. Kwa wale ambao hawajalishika: ni kipande cha chuma kirefu kama mkono wa mtoto, chenye ncha, na kimechimbwa mfereji. Unalichoma ubavuni mwa gunia, karafuu zinateremka mferejini mpaka kiganjani mwako, unazitazama, unazinusa, unaivunja moja kwa kucha ujue kama imekauka. Ukilichomoa, unapitisha kidole juu ya tundu mara mbili, na nyuzi za gunia zinarudi mahali pake kama hapakuguswa. Aliyenionyesha alisema nikiacha tundu wazi nitalipa mwenyewe. Nikajifunza siku ileile.

Skuli nilisoma madarasa manne. Yaliyobaki niliyasoma ghalani, katika kitabu cha kanuni za bandari na kamusi ya Kiingereza iliyokosa kurasa za mwisho. Mpaka leo maneno yanayoanza na herufi za mwishomwisho hunitia wasiwasi. Nilijifunza vipimo kwa sababu niliona watu wakigombana bila ya kujua kwamba wanasema kitu kimoja. Frasila yetu ni ratli thelathini na tano. Ng'ambo wanapima kwa mani, na mani ya bandari moja si mani ya bandari nyingine. Nilichora jedwali la vipimo vyote nikalibandika ukutani. Baadaye nilipohamishiwa afisini kuwa karani wa ulinzi, nililing'oa nikaenda nalo.

Aliyenifundisha zaidi ya kitabu chochote ni Bi Zuhura, mshona magunia pale ghalani. Alikuwa rika langu, mwanamke mwembamba, mwenye ulimi mkali na shazia, ile sindano kubwa ya magunia, imechomekwa kwenye kilemba tangu asubuhi mpaka magharibi. Wanaume walishona magunia mapya yanapojazwa. Yeye alipewa yaliyopasuka na yaliyofunguliwa, kazi ambayo inataka akili zaidi na inalipwa kidogo zaidi. Siku moja alinikuta nimesimama mbele ya safu ya magunia na daftari.

"Unaandika nini, karani?"

"Nayahesabu."

"Kuhesabu hata kuku anaweza, akipewa muda. Hebu nambie, lipi hapa limefunguliwa?"

Nilitazama. Yote yalikuwa sawa kwangu.

"La tatu," akasema. "Tundu za kwanza zile pale, za pili hizi hapa. Shazia haipiti mara mbili mahali pamoja hata uilazimishe. Una macho ya kusomea tu wewe?"

Nilikaa naye siku nyingi baada ya hapo. Alinionyesha kwamba kila mahali wanafunga mdomo wa gunia namna yao. Sisi Unguja hukunja pembe mbili za mdomo zikawa kama masikio, hamali apate pa kushika. Tunashona kutoka sikio la kulia kwenda la kushoto, na fundo tunalificha ndani ya sikio. Watu wa bara hupiga mafundo mawili, nje, wazi. Ukilifungua gunia na kulishona tena, vipande vya uzi wa zamani hubaki ndani ya masikio, kwa sababu hakuna mtu mwenye subira ya kuvichokoa. Niliyaandika yote hayo katika daftari langu, nikadhani ni elimu ya kupitishia wakati.

Sasa nije kwenye ushirikiano. Miaka michache baada ya vita, bandari za pwani yetu ziliungana katika ulinzi. Bandari za Arabuni na Bara Hindi nazo zilikuwa na umoja wao. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini umoja wetu na umoja wao ukafunga makubaliano, kwa sababu dhahabu, saa za mkono na kasumba ya kuvuta vilikuwa vikivuka bahari ndani ya mizigo halali, na kila bandari ilikuwa ikisema kosa ni la bandari ya jirani. Niliyasoma makubaliano yale mara tatu. Yalikuwa mazuri. Mambo mawili ndani yake yanahusu kesi hii.

La kwanza ni ukaguzi. Bambo haligusi dhahabu iliyofichwa katikati ya gunia, basi ikaamuliwa kwamba katika kila shehena, gunia moja katika kila kumi na tano lifunguliwe mdomo, limwagwe, litazamwe, lijazwe na kushonwa upya. Karafuu ratli mbili zichukuliwe kutoka kila gunia lililokaguliwa, zitiwe ndani ya mkebe na kufungwa, ziwe sampuli ya kuonyesha kwamba mali ilikuwa safi ilipotoka. Mikebe ikae kabatini miezi sita. Kabati hilo liko nyuma ya mlango wa afisi mnayokaa sasa. Fomu ya ukaguzi niliitunga mimi, nikajivunia.

La pili ni orodha. Mali ikipungua, bandari inayopokea inapiga simu kwa bandari iliyopakia, na kundi lililopakia linasimamishwa papo hapo. Siku saba zikipita bila ya maelezo, majina yao yanaingia katika orodha inayotumwa bandari zote za umoja wote wawili. Aliyemo katika orodha hapewi kazi popote, kuanzia kwetu mpaka Bara Hindi. Jina kuingia lilihitaji saini moja. Kutoka lilihitaji mkutano wa umoja wote wawili, na mkutano huo ulikuwa haujawahi kufanyika tangu siku ya kutia saini.

Sasa simu ya Jumatatu. Ilisema katika shehena ya magunia mia sita ya karafuu, magunia arobaini yamefika na upungufu wa ratli sita kila moja. Midomo yake ilifunguliwa na kushonwa tena. Tutume majina ya waliopakia.

Waliopakia walikuwa kundi la Serahangi Haji Vuai, mtu wa upande wa Mkokotoni, na mahamali wake kumi na wawili. Serahangi ndiye kiongozi wa kundi: yeye ndiye anayepewa kazi, naye ndiye anayejibu. Mkubwa wangu, Mwingereza aliyetoka jeshini na Kiswahili chake kifupi kama amri, aliisoma simu akaniambia niwasimamishe. Niliwasimamisha. Kisha nikarudi kwake.

"Bwana, magunia arobaini katika mia sita ni moja katika kumi na tano. Hayo huenda ndiyo tuliyoyakagua sisi."

"Tulichukua ratli ngapi?"

"Mbili."

"Zimepungua ngapi?"

"Sita."

"Basi wameiba nne," akasema. "Walichagua yaliyokuwa yameshafunguliwa. Akili nzuri."

Hesabu yake ilikuwa sahihi, na mimi ni mtu wa hesabu. Nakiri hapa kwamba siku ile sikujua kama Serahangi Haji ni mwizi au si mwizi. Nilijua tu kwamba sijui, na kwamba Jumatatu ijayo adhuhuri majina yatakwenda.

Yeye mwenyewe alinijia kabla ya adhuhuri. Alisimama mlangoni, mtu mfupi, mabega mapana, kofia mkononi.

"Salaam alaykum, karani."

"Waalaykum salaam, serahangi. Karibu."

"Nimeshakaribia. Nasikia tumeiba."

"Hakuna aliyesema mmeiba. Mmesimamishwa."

"Tofauti yake nini?"

"Aliyesimamishwa anaweza kurudi."

"Haya. Na huko nyumbani niwaambie nimesimama mpaka lini?"

"Mpaka Jumatatu. Nikipata maelezo."

"Na usipopata?"

Nilimweleza orodha. Sikumficha kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hata Tanga?"

"Hata Tanga. Bandari zote."

"Mimi kazi nyingine siijui, yakhe. Nimeanza kubeba sina ndevu. Na wale kumi na wawili, wanane kati yao ni watoto wa dada zangu. Mama zao ndio walionikabidhi." Akavaa kofia yake. "Basi ukijua tumeiba nini, na sisi tuambie. Tumeipakia mali ile siku mbili, hata harufu hatukubaki nayo."

Alasiri ile nilianza kuchunguza. Nilitembea kutoka mlango wa ghala mpaka gatini kwa mwendo wa gari la hamali lililojaa, saa mkononi: dakika tisa, watu kila upande. Pale hapawezekani kufungua gunia hata moja. Lakini meli hutia nanga nje, na mzigo huvushwa kwa tishari, mashua pana ya mizigo, na kundi linapanda pamoja na mzigo. Nilivuka na tishari Jumanne asubuhi. Dakika thelathini na tano, na nyuma ya rundo la magunia hakuna anayekuona. Nilirudi nikaandika katika daftari: *Nafasi ipo.* Ilinilazimu kuliandika. Mtu akichunguza kwa kutafuta jibu analolitaka, atalipata, na halitamfaa kitu.

Hata hivyo jambo moja lilinisumbua. Kufungua, kutoa, kushona: Bi Zuhura mwenyewe, mwenye mkono mwepesi kuliko wote niliowajua, gunia moja lilimchukua si chini ya dakika nne. Arobaini ni dakika mia na sitini. Kundi lile lilivuka mara nyingi, kwa hiyo muda ungepatikana, lakini ungetaka mshonaji hodari, na wale walikuwa wabebaji. Nilitaka kuuona ule mshono.

Kanuni ilisema taarifa zote zipande juu, kutoka bandari kwenda makao makuu ya umoja wake, kisha zivuke kwenda makao makuu ya umoja wa pili, kisha zishuke. Barua kwa njia hiyo ilichukua wiki sita. Mimi nilikuwa na siku sita. Lakini katika fomu zilizokuwa zikirudi kutoka Bara Hindi, nilikuwa nimeona kwa miaka mitatu saini ya karani mmoja aliyetumia wino wa kijani, na ambaye kila nilipokosea kujumlisha alinisahihisha pembeni kwa herufi ndogo safi. Jina lake lilikuwa Fernandes. Sikupata kumwandikia neno hata moja. Jumanne mchana nilimpigia simu ya maandishi moja kwa moja, kwa pesa zangu, nikiomba nambari za magunia na midomo yenyewe ikiwa ingalipo.

Mkubwa wangu alipata habari jioni ileile, maana posta mji huu ni kama baraza.

"Umeruka makao makuu mawili," akasema.

"Naam, bwana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yako njiani, na mimi sina muda."

"Ikishindikana, sikujua kitu," akasema. Nilimshukuru. Kwa mtu wa jeshi, ilikuwa ruhusa kubwa.

Jibu la Fernandes lilifika Jumatano. Kwao hawafumui uzi. Hukata mdomo wa gunia wote kwa kisu, masikio yakiwemo, na gunia tupu huuzwa siku hiyohiyo. Magunia yameshauzwa. Midomo hufanywa matambara ya kufutia mashine. Tisa aliipata katika karakana kabla haijatiwa mafuta. Ameituma kwa ndege. Nambari za magunia arobaini zilifuata, na nilizilinganisha na fomu yangu. Zote arobaini zilikuwa za yale tuliyoyakagua sisi, bila ya kukosa moja. Nambari hizo hazikuwasafisha akina Haji. Zilimpa nguvu mkubwa wangu: wezi wamechagua yaliyokwisha funguliwa.

Alhamisi sikumwona Serahangi Haji, lakini niliwaona watu wake wawili wamekaa nje ya lango la gati, wakitazama kundi jingine likifanya kazi yao. Mmoja akanipigia kelele, "Karani, tumebakisha siku ngapi?" kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya muhogo. Nikamwambia nne. Wenzao ndani ya lango wakacheka. Mmoja akasema, "Basi mtuachie hayo magari, wezi hawana haja ya magari!" 

Furushi lilifika Jumamosi, saa tatu asubuhi. Nililichukua bila ya kulifungua nikaenda nalo ghalani. Bi Zuhura alikuwa amekaa juu ya rundo la magunia matupu. Nilimwekea vipande tisa mbele yake, nikatoa daftari.

Alikichukua cha kwanza, akakigeuza ndani nje, akakinyoosha juu ya goti. Alihesabu tundu kwa ncha ya shazia bila ya kutoa sauti. Akalifumbua sikio la kushoto kwa ukucha, akavuta kipande cha uzi, kisha kingine, kisha kingine, akavipanga juu ya kanga yake.

"Hili limeshonwa mara nne," akasema.

"Nne?"

"Mimi sikugugumiza. Nne. Huu wa kwanza wa kwetu, wa wanaume, kulia kwenda kushoto. Huu wa pili nao wa kwetu." Akacheka kwa pua. "Huu wa pili ni wangu mimi."

"Una hakika?"

"Unauliza kama naujua mkono wangu? Tazama unavyolala. Mimi mashoto, karani. Ghala zima mashoto ni mimi peke yangu. Naanzia huku wanakoishia wenzangu. Si ndiye wewe uliyeniletea magunia haya nikayashona, yale ya ukaguzi wenu?"

"Ndiye mimi. Na wa tatu?"

"Mafundo mawili, nje. Bara."

"Na wa nne?"

Aliuvuta uzi wa nne akaunusa. Ulikuwa wa pamba, mweusi, unateleza. "Huu umetiwa mafuta ya papa. Wanashonea matanga. Hapa hatuutumii, utanusa mzigo wote." Akaunyoosha mkono wake nami nikaunusa. "Huyu ni wa Arabuni. Anashona vibaya, lakini anashona kwa nguvu."

Vipande tisa vyote vilisema vilevile: mara nne, kwa mpangilio uleule. Hakuna mwizi anayeshona kwa mafundo ya bara nje ya bandari ya Unguja, kisha akaenda kutafuta uzi wa mafuta ya papa. Nilikaa chini karibu yake.

Meli ile ilipita bandari ya bara, ikapita bandari ya Arabuni, ndipo ikafika Bara Hindi. Katika kila bandari, wakaguzi walifanya kile ambacho makubaliano yaliwataka. Walichukua fomu yangu iliyosafiri na nahodha, wakasoma nambari za magunia yaliyokaguliwa, na kwa kuwa kazi yao ilikuwa kuhakikisha ukaguzi wa bandari iliyotangulia, wakafungua magunia yaleyale. Wakayamwaga, wakayatazama, wakayajaza. Na kila mmoja wao akachukua sampuli yake, ratli mbili. Taarifa zao zikapanda juu kwenda makao makuu, zikakaa huko. Bandari moja haikuwa na njia ya kujua kwamba nyingine imeshachukua. Mbili zetu, mbili za bara, mbili za Arabuni.

"Sita," nikasema.

"Sita nini?" akauliza Bi Zuhura.

"Hakuna aliyeiba. Tumezichukua sisi. Wote sisi, walinzi."

Akaichomeka shazia kwenye kilemba. "Na akina Haji wamekaa nje wiki nzima?"

"Naam."

"Basi ondoka hapa ukawaambie, unakaa kufanya nini na mimi?"

Njiani nilikumbuka jambo ambalo lilinichoma zaidi. Katika fomu yangu niliyojivunia, kisanduku cha uzito kilikuwa juu, na kisanduku cha sampuli chini. Kwa hiyo gunia lilipimwa kabla ya kutolewa sampuli, likaandikwa ratli mia na arobaini, na likaondoka na mia na thelathini na nane. Upungufu ulianza katika karatasi yangu mwenyewe. Bandari mbili zilizofuata zilinakili uzito wa kwanza, kwa sababu fomu ilikuwa ya rasmi na imepigwa muhuri.

Nilimweleza mkubwa wangu hivyohivyo, kosa langu likiwa la kwanza. Alipiga simu bandari ya bara, nami nikapiga simu ya maandishi Arabuni. Bara walijibu kabla ya saa nane: mikebe arobaini ipo kabatini. Arabuni walijibu Jumapili: mikebe arobaini ipo, na wanauliza wamekosea nini. Sisi hatukungoja Jumapili. Saa nane na robo Jumamosi, Serahangi Haji Vuai na watu wake walirudishiwa vipande vyao vya kazi, zile kadi za kupitia langoni, na majina yao hayakwenda popote.

Nilivigawa vipande mwenyewe, pale langoni. Yule aliyeniuliza siku zimebaki ngapi alikipokea chake, akakigeuza nyuma na mbele.

"Kwa hiyo mwizi kapatikana?"

"Hapana mwizi," nikasema. "Karafuu zimo makabatini. Moja ya makabati hayo ni langu."

Walitazamana. Serahangi Haji ndiye aliyeanza kucheka, na alicheka mpaka akashika nguzo ya lango. "Yaani karani," akasema, "mmejilinda mpaka mkajiibia!"

Kuhusu faida ya ushirikiano ule, mnanijua sisemi kwa kubahatisha. Fomu niliipanga upya wiki iliyofuata, uzito ukaja baada ya sampuli. Nilipendekeza kila bandari iache nakala ya ukaguzi wake pamoja na mzigo, si juu tu kwa wakubwa. Umoja wote wawili ulichukua miezi tisa kukubali. Mimi na Fernandes hatukungoja. Tulikubaliana kwa barua kwamba kila atakayefungua gunia atatia kikaratasi ndani ya sikio la kushoto, tarehe na ratli alizochukua, na tukawaomba makarani wa bandari mbili za kati wafanye vivyo. Wakafanya, bila ya saini ya mtu yeyote mkubwa. Mwaka uliofuata gunia lilifika Bara Hindi na vikaratasi vitatu na mishono mitano, na siku mbili baadaye tulijua ni katika bandari gani mshono wa tano uliingia, na kasumba iliyokuwa ndani ilitoka kwa nani. Hiyo ndiyo kazi ambayo makubaliano yaliandikiwa, na ilifanyika. Nasema bila ya wasiwasi kwamba ulinzi baina ya mabara unawezekana, na unafaa, pale ambapo karani wa upande huu anajua jinsi mwenzake wa upande wa pili anavyofungua gunia. Orodha peke yake haijui.

Kesi yenyewe niliifunga baada ya miezi sita, sampuli zilipotimiza muda wake. Zilizochukuliwa zote ni ratli mia mbili na arobaini, na kwa bei ya mwezi ule, shilingi mbili kwa ratli, thamani yake ni shilingi mia nne na themanini. Za bara na za Arabuni zilirudishwa kwa mwenye mali. Zetu, ratli themanini, nilimpelekea mwenyewe dukani kwake. Alikuwa mfanyabiashara wa makamo, mtaratibu, na alikuwa ameisikia hadithi.

"Mimi hizi nilishazihesabu zimepotea," akasema. "Wale mahamali walikaa siku ngapi bila ya kazi?"

"Tano, tukiitoa Ijumaa."

"Basi ziuze, uwagaie wao."

Niliziuza kwa shilingi mia na sitini, na nikampa Serahangi Haji mbele ya watu wake wote. Lakini hamali alikuwa akilipwa shilingi nne kwa siku, na serahangi sita. Kwa watu kumi na tatu na siku tano, walichokikosa ni shilingi mia mbili na sabini. Niliandika barua kuomba afisi ilipe kilichobaki. Nikajibiwa kwamba makubaliano hayana kifungu cha malipo hayo. Niliandika kwa umoja wetu, na umoja wetu ukaandika kwa umoja wa pili, na nakala za barua hizo zimo katika faili. Nilitaka kulipa mfukoni mwangu, Serahangi Haji alinirudishia bahasha bila ya kuifungua, akasema, "Wewe hukuniajiri, karani."

Kwa hiyo hasara ya kesi ile, baada ya kila ratli ya karafuu kurudi kwa mwenyewe au kulipwa, ni shilingi mia na kumi.